Nimepiga picha mwaka mzima, mbona zote zinafanana? Jibu kwa mwanafunzi wa Morogoro

Swali limekuja hivi, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo kaka. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili SUA, nasoma kilimo. Nina Canon 600D ya mtumba na lenzi yake ile ile ya 18-55, pia natumia simu. Kila siku najitahidi nipige hata picha moja, mlima, hosteli, shamba la mazoezi, sokoni, maisha ya kawaida tu. Nilitaka mwisho wa mwaka nione majira yanavyobadilika ila nikizipanga naona kama nimezipiga wiki moja, na za masika ndo zimetoka kijivu kabisa. Wenzetu Ulaya wana theluji na majani yanageuka rangi, sisi huku ni jua na mvua tu. Tatizo ni lenzi? Bumu likitoka nataka ninunue 50mm. Halafu ndani ya lenzi pametokea vijinyuzi vyeupe kama utando, nimeiweka kwenye mchele haijasaidia. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na la lenzi maana ndo lenye hela ndani yake: kwa sasa usinunue kitu. Lenzi yako haina kosa kwenye hili la picha kufanana, vijinyuzi nitavifikia mwishoni. Kinachofanya picha ya Aprili ifanane na ya Septemba ni vitu viwili, kwanza kamera yako iko oto na kazi ya oto ni kufuta kile kile unachokitafuta, pili unapiga bila mahali maalum na nahisi saa zako ni zile zile za mchana ukitoka kipindi. Vyote viwili vinarekebishika bure.

Hili la oto ngoja nilieleze vizuri kwa sababu kuna watu wamepiga picha miaka na hakuna aliyewahi kuwaambia. Kamera ikiwa kwenye AWB, yaani waiti balansi ya oto, inatazama mwanga una rangi gani halafu inajitahidi kuurudisha uwe mweupe wa kawaida. Asubuhi ya Julai kivulini mwanga una ubluu, kamera inauona ubluu inaongeza unjano. Jioni ya Septemba moshi na vumbi vimelifanya jua kuwa jekundu, kamera inauona wekundu inaupunguza. Ukija kufungua kwenye laptop zote mbili zimesogezwa katikati, baridi imeondolewa na joto limeondolewa, halafu unajilaumu eti huna jicho. Jicho unalo, ulichokiona kilikuwepo kweli, ila kabla hakijafika kwenye memori kadi kimeshasawazishwa.

Na kwenye wingi wa mwanga ni hivyo hivyo. Mita ya kamera imetengenezwa ikiamini kwamba chochote unachoielekezea, kwa wastani wake, ni kijivu cha kati, wapigapicha wanaita kijivu cha asilimia 18. Ukiielekeza kwenye ukungu mweupe uliokaa juu ya Uluguru mwezi wa nne inadhani mwanga umezidi, inaushusha mpaka uwe kijivu. Ukiielekeza kwenye shamba lililochomwa likabaki jeusi inadhani mwanga haujatosha, inalipandisha mpaka liwe kijivu. Basi hapo ndo jibu la kwa nini za masika zimekutoka kijivu, wala sio uchafu wa lenzi, ni mita inafanya ilichofundishwa.

Kwa hiyo leo hii fungua menyu, toa AWB, weka alama ya jua, kwenye hiyo 600D ni kama 5200K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), na uiache hapo hapo mwaka mzima. Jua liwake, mawingu yatande, uwe kivulini, usiiguse. Wiki za mwanzo utaona picha zina ubluu au unjano ambao haujauzoea, vumilia, hiyo ndo rangi ya siku yenyewe. Kama laptop yako ina nguvu piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipika, faili moja linakuwa kama MB 25, faida yake ni kwamba rangi ya mwanga unaweza kuipanga baadaye bila kuharibu kitu, lakini hata ukiwa na RAW bado zote zipe namba moja usianze kurekebisha kila picha kivyake maana utakuwa umerudi kwenye oto kwa mkono wako mwenyewe. Kama laptop inakwama piga JPEG kubwa, inatosha kabisa, ila kwenye mtindo wa picha usichague ule wa mandhari unaokoleza kijani na bluu. Kijani cha masika na kijani cha Januari sio kimoja, na ule mtindo unavifanya kimoja.

Upande wa mwanga kaa kwenye Av, yaani wewe unachagua ukubwa wa tundu la lenzi (hizo namba za f) na kamera inachagua spidi, weka f/8 kwa picha za mandhari, halafu jifunze kitufe kile cha kuongeza na kupunguza mwanga, unakibonyeza huku unazungusha gurudumu. Ukungu au wingu jeupe limejaa kwenye picha, ongeza 1, yaani stopu moja. Ardhi nyeusi, shina la mti limelowa, msitu mzito, punguza kama thuluthi mbili au 1. Mtu wetu mweusi amesimama mlangoni na nyuma yake kuna mbingu nyeupe ya mawingu, ongeza 1 hata 1 na nusu, la sivyo uso unapotea kabisa, na ukimsogelea mpaka uso ujaze picha basi punguza kidogo, kwa sababu sasa mita itataka kumfanya mweupe kuliko alivyo. Halafu tazama histogramu, ile grafu ya wingi wa mwanga, usitazame picha kwenye skrini, skrini juani inadanganya sana.

Kwenye simu ni kazi zaidi maana simu za sasa zinachanganya picha kadhaa kuwa moja na zinapandisha vivuli zenyewe. Kama ina modi ya pro ingia huko uweke namba za rangi kati ya 5200 na 5500 uziache. Kama haina, basi bonyeza skrini ushikilie mpaka fokasi na mwanga vijifunge, halafu shusha mwanga kwa kidole mpaka mbingu irudishe rangi yake. Na ufute kioo cha lenzi kwa kitambaa safi kabla ya kupiga, mafuta ya vidole yanatengeneza ukungu wa uongo ambao haupo Morogoro wala popote.

Sasa hilo la kusema sisi ni jua na mvua tu, hapana, hapo nakupinga kwa nguvu zote. Kwetu mabadiliko hayako kwenye majani kudondoka, yako kwenye hewa, kwenye pembe ya jua, kwenye maji na kwenye kazi za watu. Na wewe umekaa mahali ambapo hivi vyote vinaonekana ukiwa mlangoni tu mwa hosteli.

Chukua jua peke yake. Morogoro iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa Ikweta, maana yake jua linapita upande wako wa kaskazini sehemu ya mwaka na upande wa kusini sehemu nyingine. Mwezi Juni saa ya mchana liko kaskazini, juu kama nyuzi 60 tu. Desemba liko kusini, juu kama nyuzi 73. Na kati hapo kuna siku mbili linapita juu ya utosi kabisa, karibu na tarehe 10 Oktoba na tena karibu na tarehe 3 Machi, na siku hizo mlingoti wa bendera hauna kivuli, kimekusanyika chini ya mguu wake. Ukitaka kulinasa hilo, Oktoba lenga saa sita na robo mchana, Machi lenga saa sita na dakika arobaini, tofauti hiyo ya nusu saa hivi inatokana na dunia kutokwenda kwa mwendo uleule mwaka mzima na jinsi ilivyoinama. Hiyo peke yake ni picha nne za mwaka, mlingoti mmoja, kivuli kimelala kusini Juni, hakipo Oktoba, kimelala kaskazini Desemba, hakipo Machi. Sijui nchi ya theluji inayoweza kupata hiyo.

Sasa weka na mlima. Ukiwa mjini Uluguru iko kusini na kusini mashariki yako. Juni ukiutazama mlima jua la mchana liko nyuma yako, kwa hiyo miteremko inawaka na mabonde yote yanaonekana mpaka mashamba ya ngazi kule juu. Desemba ukiutazama mlima ule ule saa ile ile jua liko mbele yako, mlima unakuwa bonge jeusi la bluu lisilo na undani. Jioni za Juni na Julai ndo bora kuliko zote, jua linazama upande wa kaskazini magharibi na linaupiga mlima kwa ubavu, kila mkunjo unatoa kivuli chake. Asubuhi nayo, Novemba jua linachomoza karibu saa kumi na mbili kamili na linatokea upande wa mlima, Julai linachelewa mpaka kama saa kumi na mbili na dakika arobaini na linachomoza kushoto zaidi, mbali na mlima. Mwanafunzi anayepiga kila siku saa saba mchana hata siku moja hataliona hili.

Masika, Machi mpaka Mei, watu wanadhani ni wakati wa kuficha kamera. Mimi naona ndo wakati wa kufanya kazi. Mvua ikikata, ile saa moja inayofuata hewa inakuwa imeoshwa, vumbi na moshi vyote viko chini, mlima unasogea mpaka unadhani utaugusa, na kwenye miteremko unaona mistari myeupe ya maji ambayo wiki moja nyuma haikuwepo. Usikae ndani unywe chai saa hiyo. Mawingu yanakaa kiunoni mwa mlima asubuhi halafu yanapanda kidogo kidogo, ukiweka kamera sehemu moja ukapiga kila baada ya dakika kumi mpaka saa tatu utapata hadithi nzima bila kutembea hatua. Majani yaliyolowa yanarudisha mwanga wa mbinguni na kuonekana meupe meupe, hapo filta ya polaraiza inasaidia, unaizungusha mpaka ule mng'ao uondoke na kijani kitokee, na hii ndo kitu pekee ningekuruhusu ununue mwaka huu kwa sababu hakuna programu ya kompyuta inayoweza kuirudisha rangi iliyofunikwa na mng'ao. Filta ya lenzi yako iwe ya kipenyo cha milimita 58.

Mvua yenyewe ikinyesha kaa barazani, tafuta nyuma pawe na giza, mti au ukuta au mlango ulio wazi, na mwanga utokee upande wa mbele yako, matone yatang'aa. Spidi ya 1/500 matone yanasimama hewani, spidi ya 1/30 yanakuwa nyuzi ndefu. Nyuzi ndo zinasema mvua kubwa, matone yanasema manyunyu, chagua kutokana na siku ilivyokuwa. Radi zikianza ingia ndani, usisimame uwanjani na tripodi ya chuma kwa ajili ya picha yoyote ile.

Halafu usisahau mto. Mto Morogoro unashuka kutoka mlimani unapita mjini, simama darajani baada ya mvua kubwa ni kahawia mzito wa udongo, njoo Agosti unaona mawe. Hii sio mapambo tu mdogo wangu, wewe unasoma kilimo unajua udongo ule unatoka shamba la nani, na maji ya Ruvu wanayotumia Dar yanaanzia huko huko Uluguru. Bwawa la Mindu vile vile, tafuta jiwe moja ukingoni ulipige kila mwezi, uone maji yanavyorudi nyuma mpaka Oktoba na yanavyolifuata tena.

Kipupwe, Juni mpaka Agosti, nimeshasema kuhusu jua lake. Asubuhi watu wamejifunga vitenge na masweta, moshi wa mama lishe unapanda wima kwa sababu upepo haujaamka, mahindi yamekauka shambani yana rangi ile ya karatasi kuukuu, machungwa yamejaa sokoni. Sogea karibu, tumia 55 yako, picha za kipupwe ziko kwenye mikono na vikombe na mgongo wa mtu anayeota jua kuliko kwenye mandhari.

Kisha inaingia kiangazi cha Septemba na Oktoba, na hapa wengi wanakata tamaa maana mlima unapotea. Mashamba yanachomwa, nyasi za miteremkoni zinaungua, vumbi barabarani, hewa imejaa chembe na kila chembe inatawanya mwanga, kitu kilicho mbali kinapoteza weusi wake na rangi yake mpaka kinakuwa kama kimechorwa kwa penseli. Usishindane na hiyo hali, itumie. Lielekee jua likiwa chini, acha vilima vipangane kimoja nyuma ya kingine, cha mbele kimekolea cha nyuma kimefifia, na kwa ile waiti balansi uliyoifunga jua litatoka na wekundu wake wote. Ila ukitaka picha yenye rangi kali mchana wa Oktoba basi sahau cha mbali, piga kilicho ndani ya mita tano. Na jioni uwe tayari mapema, kwetu huku jua linazama wima wima, likishazama una kama dakika ishirini tu za mbingu yenye bluu kabla ya giza, sio kama kule kaskazini wanakopata saa nzima na zaidi.

Vuli ndo kipenzi changu. Mvua za kwanza za Novemba, usiku ule ule kumbikumbi wanatoka, wanajaa kwenye taa ya hosteli na ya duka, watoto wako na mabeseni. Hii ni picha ya msimu ambayo hakuna mtu wa Ulaya anayo. Weka ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iwe 1600, f/3.5 kwenye 18mm, spidi ya 1/30 au hata 1/15 ukiegemea nguzo, mabawa yanachora mistari kuzunguka taa na watu waliotulia wanabaki wanaonekana. Mikrismasi inaanza kuwa myekundu Novemba na Desemba, petali zinamwagika chini, na hiyo 600D skrini yake inafunguka pembeni na kugeuka, ishushe kamera mpaka usawa wa ardhi upige petali na mti wenyewe kwa pamoja. Maembe nayo yanaingia sokoni. Januari na Februari ni joto na kijani kilichochoka, watu wanatifua wakisubiri masika, wengi wenu mko likizo au mna mitihani, sitakusumbua nayo sana.

Umeona hapo nimekutajia shamba, soko, mto, mlingoti, taa ya duka. Chagua mahali patatu tu, sio zaidi, ambapo unapita bila kulazimishwa. Ningekuwa mimi ningechukua dirisha au roshani inayoutazama mlima, kona moja ya shamba la mazoezi, na mlango mmoja wa soko la Chifu Kingalu. Kila sehemu weka alama ya kusimama, bamba la sakafu au shina, zungusha lenzi mpaka mwisho wa 18 ili usihitaji kukumbuka, f/8, kamera usawa wa jicho, na kitu kimoja kisichohama kikae pembeni mwa picha kila mara, nguzo au kona ya ukuta, ukija kuzipanga unalinganisha kwa hicho. Mlima piga mara mbili kwa wiki asubuhi na jioni, shamba mara moja, soko mara moja. Siku zilizobaki piga unachotaka, hilo zoezi lako la kila siku usiliache, ila sasa lina uti wa mgongo.

Na kama unahisi dirisha moja ni kidogo, kuna Josef Sudek, mpigapicha wa Prague, mkono wa kulia aliupoteza kwenye Vita Kuu ya Kwanza, akawa anabeba makamera makubwa mazito kwa mkono mmoja. Kuanzia mwaka 1940 mpaka 1954 alipiga dirisha la studio yake mwenyewe, dirisha lile lile na mti uliopinda uani, kioo kimeloa, kimeganda barafu, kimekauka. Huyo alikuwa na theluji yote unayoitamani, na bado kazi yake iliyodumu ni kioo na unyevu na mti mmoja, yaani vitu ambavyo na wewe unavyo. Na hapa kwetu Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, mwanawe Rohit akaendeleza, na picha zao za mitaa na watu wa kawaida leo ndo zinatuonyesha mji ule ulivyokuwa. Kona yako ya soko ukiipiga miaka mitatu ya chuo, tarehe zikiwepo, kuna mtu ataihitaji siku moja.

Watu waulize. Pale sokoni nenda kwanza bila kamera, nunua kitu, salimia, sema mimi mwanafunzi nataka niwe nakuja kupiga hapa mlangoni kila wiki, unaniruhusu mama? Ukiruhusiwa safisha picha mbili tatu umpelekee, bei ya kusafisha sio kubwa na utakuwa umefungua mlango wa mwaka mzima. Akikataa amekataa, nenda kwa wa pili. Kumpiga mtu kwa kujificha halafu unaiweka mtandaoni sio upigaji picha wa mtaani, ni kumnyang'anya.

Sasa vijinyuzi. Hiyo ni kuvu mdogo wangu, sio mvuke. Mvuke ungekuwa vitone au ukungu unaoondoka wenyewe, vinyuzi vinavyotambaa kama mizizi ni kuvu imeota kwenye vioo vya ndani kwa sababu kamera ilikaa kwenye begi lenye unyevu na giza masika nzima. Mchele uutoe leo, hauvuti unyevu kwa kiasi cha kusaidia na unga wake unaingia kwenye pete za lenzi na kukuletea tatizo la pili. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kutoka nyuma, utaona imefika wapi. Kama ni pembeni na kidogo endelea kupiga, haitaonekana kwenye f/8 labda ukilielekea jua. Kama imefika katikati ipeleke kwa fundi wa lenzi lakini uliza bei kwanza, maana hiyo 18-55 ni lenzi ya bei ndogo na mara nyingine kuisafisha kunakaribia bei ya kupata nyingine ya mtumba.

Kuanzia sasa kamera ikae kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, lile la chakula linatosha, ndani weka pakiti za silika zile zinazokuja na viatu na mabegi. Pakiti zinachoka, zikaushe kwenye moto mdogo sana au zibadilishe kila baada ya muda. Na zaidi ya yote itumie, lenzi inayotoka nje kila siku kwenye hewa na mwanga haioti kuvu kirahisi. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, maktaba au maabara, kwenda nje kwenye joto la Machi, iache kwanza ndani ya begi lililofungwa kama robo saa ipate joto taratibu, ukiitoa moja kwa moja inajaa jasho nje na ndani. Kiangazi nacho kina adui yake, vumbi, usibadilishe lenzi barabarani, na ukilazimika elekeza kamera chini.

Mafaili yape majina yanayoanza na mwaka, mwezi, siku, halafu mahali, mfano 2025-04-12-mlima, hapo kompyuta itazipanga yenyewe. Kwanza hakikisha saa na tarehe ya kamera ni sahihi, kamera za mtumba nyingi zinakuja na tarehe za ajabu na mradi wako wote umesimama juu ya tarehe. Nakala weka tatu, laptop, diski ya nje au flashi, na moja mbali na chumba chako, mtandaoni au kwa ndugu. Hosteli wezi wapo na laptop zinakufa karibu na mitihani.

Na hiyo 50mm tuiache mpaka Desemba. Kila picha inabeba ndani yake namba ya milimita uliyotumia, ukifungua maelezo ya faili unaiona. Pitia za mwaka mzima. Ukikuta nyingi ulizozipenda ziko kwenye 50 na 55, na ulikuwa unahangaika na giza, basi nunua 50mm f/1.8 kwa moyo mweupe, ila ujue kwenye 600D itaona kama 80mm, ndani ya chumba cha hosteli utagusa ukuta kwa mgongo. Ukikuta nyingi ziko kwenye 18 mpaka 24, hiyo lenzi isingekusaidia kitu, na hela ya bumu utakuwa bado unayo.